Chakula Hakilali Katika Nyumba Hii

Hakuonja kwa kijiko. Aliinua mwiko, akadondosha mchuzi katika kiganja cha mkono wa kushoto, akaulamba, kisha akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza kama mlango umebishwa. Alipofumbua macho alikuwa ameshaamua: chumvi iongezwe, au makaa yapunguzwe, au sufuria iondolewe. Sikumwona hata siku moja akiamua mara mbili kwa sufuria moja.

Nilikuwa mpangaji wake huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, katika chumba cha nyuma. Niliingia kwake wakati nilipokuwa nikijifunza ufundi wa redio peke yangu, kwa kitabu cha Kifaransa ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimechanika, nikatoka nilipohamia mtaa wa Kasha. Sisi wapangaji, aliotuita locataire, tulimwita Maman Bailleur, yaani mama mwenye nyumba, na mtaa mzima ukalichukua jina hilo, hata wale ambao hawakuwahi kupanga kwake. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini sikuwahi kulisikia likitumiwa na mtu isipokuwa padri.

Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Faida.

Juu ya upishi wake hakuna aliyebishana. Katika matanga na ndoa za upande ule wa mlima, watu waliuliza kwanza kama yeye ndiye aliye jikoni, ndipo wakaamua saa ya kufika. Sombe yake, yaani kisamvu, ilipikwa mpaka mawese yakapanda juu yenyewe. Samaki wadogo wa ziwani aliwakaanga wakavunjika kwa sauti. Bugali aliusonga akiwa amesimama, miguu imebana sufuria pande zote mbili, na alipomaliza hapakuwa na punje moja kavu. Alijua hayo yote na hakujifanya hajui. Mtu akimwambia, "Maman, leo umepika vizuri," alijibu, "Na jana?"

Kwetu, chakula kinachobaki jioni na kuliwa kesho yake huitwa chakula ya kulala. Nyumba nyingi hula bugali ya kulala asubuhi pamoja na chai, na hakuna anayeona haya. Yeye aliona haya. Kabla ya kufunga mlango wake alipita na sahani kwenye vyumba vyetu na kwa majirani, akigawa kila kilichobaki. "Kamata. Kula sasa. Chakula hailale mu nyumba hii."

Wengi waliuita huo ukarimu. Mimi niliyekaa kwake muda mrefu naweza kusema haukuwa ukarimu. Sahani haikuletwa kwa sababu ya njaa yako. Ililetwa ili sufuria yake iwe tupu. Mpangaji mmoja, karani wa zone, ofisi ya wilaya, aliwahi kuiweka sahani yake mpaka asubuhi, akaipasha moto uani. Maman Bailleur alimwona, akaichukua mikononi mwake, akamwaga chakula chote kwa mbwa.

"Maman, ile njo chai yangu ya asubuhi!"

"Chakula yangu haikulala kwangu, weye njo unailaza? Kula chai na mukono yako."

Karani alikwenda kazini na abacost yake, suti ya watu wa ofisi siku hizo, na njaa yake. Jioni sahani ililetwa kama kawaida, nayo aliila palepale, amesimama.

Hakumfundisha mtu. Wasichana wa mtaa walipoomba wakae karibu naye waangalie, aliwatuma maji. Hata Faida hakufundishwa. Mama alisema, "Kupika haiko masomo. Mukono inajua ao haijue." Kwa hiyo Faida alikwenda kujifunza kwingine. Kwa masista, wasichana walifundishwa kushona, na pia kuoka mikate katika jiko la kweli la matofali, kwa mizani na kwa saa. Aliporudi nyumbani akaomba mizani, mama alimcheka: balance ni ya kupimia mihogo sokoni.

Mama na binti walifanana mno. Wote wawili walikuwa na sauti ya chini, na wote wawili hawakusahau.

Faida alipochumbiwa, mchumba alikuwa agronome, yaani bwana shamba, kijana wa Nyawera, ambaye baba yake alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba za Wabelgiji. Mama wa kijana alikuja na ndugu zake kuona nyumba. Maman Bailleur aliwapikia siku nzima. Walikula vizuri, nilikuwapo, na niliona mifupa ikirudi jikoni bila kitu. Kisha mama wa kijana akanawa, akajipangusa kidole kimoja kimoja, akasema kwa upole:

"Citoyenne, aksanti. Sasa tunangojea ya mwisho."

"Ya mwisho gani?"

"Kwetu batu bakimaliza kula, kunafuata kitu ya tamu. Mukate ya cramique, ao kitu ingine. Bila ile, chakula ni kama haijaisha."

Cramique ni mkate wa maziwa na mayai wenye zabibu kavu ndani. Wabelgiji walipoondoka waliuacha katika nyumba za wale waliowapikia, na nyumba hizo ziliushika kama wengine walivyoshika Kifaransa. Maman Bailleur hakuwa ameuonja. Aliiweka sinia chini.

"Itakuwa siku ya ndoa," akasema. "Na miye mwenyewe njo nitaipika. Hakuna mukono ya mutu mwingine itapikia mutoto yangu, hata kwa mukate."

Faida aliinama. "Maman, mukate haujue."

"Nitajua."

Alikuwa amesema mbele ya wakwe, na tangu hapo hakuweza kurudi nyuma. Jioni hiyo yote nilimsikia akigonga sufuria zaidi ya ilivyohitajika.

Masomo yalifanyika uani, chini ya dirisha langu, kila unga wa ngano ulipopatikana. Siku hizo unga wa ngano ulikuwa kama habari: mmoja anasema uko Kavumu, mwingine anasema uliisha jana. Jiko la matofali hakuwa nalo. Faida alitia mchanga ndani ya sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko la makaa, akaweka sufuria ndogo ndani yake, akafunika, na makaa juu ya kifuniko. Kwa jiko hilo aliweza kuoka mkate mzuri. Niliula.

Mama alianza kwa kuchemsha maji akamwaga unga ndani, akashika mwiko.

"Maman! Haiko bugali!"

"Unga ni unga."

"Hii inakandwa na mikono, na maji ya vuguvugu, juu ya levire." Ndivyo tunavyoita hamira. "Ukiipika na maji ya moto, levire inakufa."

"Inakufa? Kumbe iko nzima? Munakulaka kitu nzima kule kwa masista?"

Alipokubali kukanda, alikanda kwa nguvu ile ya bugali, akionja unga mbichi kwenye kiganja, akitema, akiongeza chumvi. Mkate ukiwa jikoni aliinua kifuniko kila mara kama anavyoangalia maharagi.

"Maman, unafungua juu ya nini?"

"Naangalia."

"Ukiangalia, inashuka."

"Chakula ya kuogopa macho, ni chakula gani?"

Lakini shida kubwa ilikuwa neno moja. Faida alipomaliza kukanda, aliloweka kitambaa, akakikamua, akafunika donge, akasema kwa kawaida tu, "Sasa tunaiacha ilale."

Mama alimwangalia. "Ilale?"

"Ilale, ipande. Kisha tunaipiga ngumi, inashuka, inalala tena. Kisha tunapika."

"Mara mbili! Hata mulevi wa kasiksi halale mara mbili."

Nilicheka dirishani. Aligeuka. "Locataire, cheka na redio yako."

Faida hakucheka. Alirudia somo kama alivyolipokea kwa masista, maneno yaleyale. "Kitambaa ya maji ni ya donge tu, maman. Mukate ikisha kuiva, hapana kuifunika na maji. Inaota kuvu."

"Haunifundishe kufunika."

Nimefikiria sana kwa nini mwanamke yule alishindwa. Mikono yake ilikuwa na uwezo kuliko ya Faida. Lakini kila alichokuwa amepika maishani kilimruhusu kurekebisha: unaonja, unaongeza, unapunguza, mpaka mwisho. Mkate haukubali. Ukishaufunika umeshasema kila ulichokuwa nacho cha kusema. Na kabla ya hapo unatakiwa kukaa bila kufanya kitu huku kitu kinajifanya chenyewe. Hilo hakuliweza. Donge likilala, yeye alizunguka uani, akafagia palipofagiwa, akarudi, akafunua, akalibonyeza. Faida akiwa sokoni alilitia jikoni kabla ya wakati ili, kama alivyoniambia mimi, lisilale kwenye nyumba yake kama mgonjwa. Mikate hiyo ilitoka mifupi na mizito. Hakuigawa kwetu. Aliizika nyuma ya choo, nami nilisikia jembe.

Tena, mwalimu alikuwa mtoto wake. Hilo hakulisema hata mara moja.

Mara moja tu walifaulu pamoja. Faida alikuwa amemshika mama yake mikono yote miwili, wakicheka kidogo, ili asiinue kifuniko. Mkate ulitoka umepanda, wa kahawia, zabibu zikionekana. Mama aliukata, akautazama ndani, akatafuna polepole.

"Iko," akasema.

Katika miaka yote niliyokaa pale, sikumsikia akisema hivyo juu ya chakula cha mtu mwingine. Faida aliingia ndani haraka, na nadhani alikwenda kufuta macho.

Kwa hiyo mpango wa ndoa ulikuwa huu. Jioni ya kuamkia arusi Faida alikanda donge yeye mwenyewe, akaliacha lilale chini ya meza mpaka asubuhi mahali pa baridi. Asubuhi mama angelipiga ngumi, angelilaza tena kwa muda, angeoka. Zaidi ya hapo vyungu vyote vilikuwa vyake. Faida alimwambia haya mbele yangu, kisha akaenda kwa shangazi yake kusukwa nywele.

Asubuhi nilikuwa nikiingiza mabenchi uani. Maman Bailleur alitoa sufuria chini ya meza, akafunua. Donge lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, limevimba, lina mapovu, na harufu yake ilikuwa ya pombe. Alirudisha uso nyuma.

"Imelala," akasema. "Imechacha."

Nilimwambia, "Maman, Faida alisema inafanyaka vile."

"Faida alinizaa?" Alichukua sufuria, akaenda nayo hadi kwa nguruwe wa jirani. "Siwezi kupatia bakwe yangu chakula ya kulala. Siku ya mutoto yangu! Hapana."

Alikanda donge jipya kwa unga uliobaki, kwa nguvu zake zote, na kwa heshima yake yote. Nasema heshima kwa sababu niliuona uso wake. Hakuwa akifanya ukaidi. Alikuwa akikataa kuwadharau wageni. Akalitia jikoni palepale, bila kulilaza.

Watu walitoka kanisani wakaja. Walikula sombe, kuku, samaki, na sauti zilishuka kama zinavyoshuka watu wanapokula vizuri. Kisha mama wa kijana akanawa, akaketi sawasawa, akangoja. Maman Bailleur alileta cramique mwenyewe kwenye sinia, amefunga kitenge kipya.

Kisu hakikuingia. Mama wa kijana aligonga mkate kwa mpini, taratibu, mara kadhaa, na kila mtu alisikia.

"Citoyenne, hii ni mukate, ao mulitoa jiwe ya muto Ruzizi?"

Walicheka. Shemeji mmoja akasema wauweke chini ya gurudumu la gari, mlima ni mkali. Wakacheka zaidi. Maman Bailleur alikuwa akimwangalia Faida, akimngoja.

Faida naye alicheka. Hakucheka sana. Nadhani aliogopa kubaki peke yake upande wa mama yake, siku ya kwanza ya ndoa, mbele ya watu atakaoishi nao. Kisha akasema, ili nao wasikie kwamba yeye anajua:

"Miye nilimufundisha. Ni kichwa yake njo haipande."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa. Maman Bailleur aliichukua sinia mezani. Sauti yake haikupanda.

"Kama chakula yangu inakuchekesha, usiikule tena."

"Sawa, maman," Faida akajibu.

Wengi waliokuwapo waliona ni maneno ya siku ile, yataisha na vumbi la mabenchi. Nami niliona hivyo. Lakini Faida alitii. Mume wake alipelekwa kazini Sange, katika bonde la Ruzizi. Faida alikuja kumsalimia mama yake kila alipopanda Bukavu, akaleta mchele wa bondeni, akaketi, akauliza afya, akafua nguo za mama yake kama zilikuwepo. Mama alipika. Sahani iliwekwa mbele yake.

"Nimeshiba, maman."

"Ulikula wapi?"

"Nilisha kula."

Alikunywa maji. Zaidi ya hapo hakugusa kitu. Mtu wa kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Mtoto anaweza kumtukana mama yake na kesho wakala pamoja, yakaisha. Huyu hakutukana. Alikuja na adabu zote, akaondoka na tumbo tupu mpaka kituo cha magari, na kule, niliambiwa na mwanamke aliyemuuzia, alinunua mandazi.

Mama angeweza kusema, "Niliyasema kwa hasira, kula." Maneno machache tu. Sikuyasikia. Sahani aliyoikataa Faida ililetwa kwangu, na nilikula chakula kile kwa shida kuliko chakula chochote nilichowahi kula.

Badala ya kusema, alianza kuoka. Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, ikiisha na watu wamerudisha majembe, aliwasha mbabula. Hakumwuliza mtu. Alikosea peke yake, akazika, akakosea tena, mpaka akajua. Nilimwona ameketi kwenye kiti kidogo kando ya donge lililofunikwa, mikono imelala juu ya mapaja, haifanyi kitu. Mwanamke huyo ambaye hakuwahi kuketi mbele ya chakula! Mtu akipita, alisema, "Usipige kelele, iko inalala," na mtu akifikiri ni utani akacheka, aliendelea kutazama kitambaa.

Nilihamia Kasha. Muda ulipita kabla sijarudi kumwona. Nilikuwa nikienda Uvira kununua vipaza sauti vya redio, na barabara yangu ilipita Sange, kwa hiyo nilipanda Kadutu nimwulize kama ana neno la kupeleka kwa binti yake. Nilimkuta amekonda. Kiganja chake kilikuwa na unga mahali palipokuwa na mawese. Alinikatia mkate wa jana yake.

"Ni ya kulala," akasema. "Kula, weye hauko mugeni."

Nilitafuna naye akiangalia taya langu.

"Iko laini?"

"Iko laini sana, maman."

Ilikuwa kweli. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa Faida. Alifunga cramique nzima katika kitambaa kikavu, akanipa. "Umupatie. Usiseme kitu. Umupatie tu."

Sange ilikuwa na joto lake la kawaida. Faida alinipokea vizuri, alinipikia wali, akauliza habari za mlima. Nilimpa mkate. Aliufungua, akaunusa, akaubonyeza kwa kidole, na kidole kilipoondoka mkate ulirudi juu kama unavyopaswa. Alikaa akiutazama.

"Ni maman alipika?"

"Ni yeye."

"Aksanti. Nilisha kula."

Aliuweka juu ya kabati. Kisha akaloweka kitambaa, akakikamua, akaufunika vizuri pande zote. Nilidhani ni kwa sababu ya joto.

Niliporudi kutoka Uvira nilipanda Kadutu moja kwa moja, na mzigo wangu mgongoni. Maman Bailleur alikuwa kwenye kiti chake kidogo, donge kando.

"Alikula?"

Sijui kudanganya vizuri, na yeye angejua. "Aliiweka juu ya kabati, maman. Akaifunika."

Uso wake ulifunguka kidogo. "Aliifunika?"

"Ndiyo. Na kitambaa, vizuri sana."

"Kitambaa ya kukauka, ao ya maji?"

"Ya maji. Aliikamua kwanza."

Alitazama mikono yake. Nilikumbuka dirisha langu na sauti ya Faida akirudia somo la kitambaa na kuvu, nikatamani nirudishe neno langu, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Alijua," akasema. "Ni yeye njo alinifundisha."

Alifunua donge. Lilikuwa limepanda vizuri, la mviringo, bila ufa. Akaingiza ngumi katikati, likashuka lote kwa pumzi moja, akalikunja, akalifunika tena.

"Keti, locataire," akasema. "Inalala mara ya pili."